Kilo Sifuri

Kunja midomo, kunja tu. Ukimaliza nitaendelea. Najua unachowaza: majini ni mambo ya Mombasa, huku kwetu kwenye chai kuna baridi hata jini likija litaomba sweta. Unawaza kwamba mzee akikutwa sakafuni ni magoti, ni macho, ni dawa za presha. Magoti nayajua. Ninayo mawili na yote hunitukana kila asubuhi. Lakini kuna kuanguka na kuna kuangushwa, na kama hiyo shule yako ndefu haikukuonyesha tofauti, basi keti, funga mdomo, usikilize mtu aliyeishia darasa la sita.

Nasema jini kwa sababu sina neno lingine. Pasta alisema pepo. Sisi Wakisii tuna jina letu, Wajaluo wana lao, na jirani yetu Chepkemoi alilitaja la Wakipsigis mara moja tu, kwa sauti ya chini, kisha akatema mate pembeni. Wewe shika hilo la jini. Litatufikisha.

Nyumba yenyewe iko Kiptere, ukiteremka kutoka sokoni, mkono wa kushoto. Ni ya Nyakerario, mjane wa Ombui. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Tulichuna chai ya kampuni pamoja, yeye na mimi, tangu tukiwa na meno yote mpaka tukastaafu, kisha tukajenga huku karibu karibu, mimi juu ya barabara na yeye chini. Ombui alizikwa hapo mbele ya nyumba, pale michai inapoanzia. Nyakerario alisema atatoka kwenye hiyo nyumba siku ya kulazwa kando ya Ombui, si siku nyingine, na asiulizwe mara mbili.

Aliishi na binti yake Phelis, aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kumshinda. Mwanawe Ratemo ana duka la misumari na mabati Bomet mjini. Ratemo naye alikuwa na lake: "Mama akianguka, namleta Bomet." Kila Krismasi walibishana juu ya jambo hilo, mama akicheka, mwana akinuna.

Sasa basi. Ilikuwa mchana, saa nane, ule wakati mawingu yanashuka kutoka msituni na kila mtu anakimbizana na mvua. Phelis alikuwa nyuma ya nyumba akichuna. Akasikia kitu kimegonga chini jikoni, puu, kama gunia lililoteremshwa vibaya.

"Mama!" akaita. "Uko sawa?"

"Niko sawa," sauti ya mama yake ikajibu. "Endelea na kazi."

Akaendelea. Wewe ungefanya nini? Alichuna saa nzima mpaka mvua ya mawe ikamfukuza. Alipoingia jikoni alimkuta mama yake amelala kifudifudi kando ya jiko, shavu limeshikana na simiti, macho wazi, midomo imekauka. Jikoni kulinuka majani mabichi ya chai, ule mnuko wa majani yaliyolowa yakabanwa kwenye kikapu kutwa nzima. Na hapakuwa na jani hata moja ndani ya nyumba.

Phelis alimwinua, akamkalisha, akampa maji.

"Mbona hukuniita, Mama?"

"Nimeita. Sauti haikutoka."

"Lakini si umenijibu? Nimekuuliza kama uko sawa ukaniambia niendelee na kazi."

Nyakerario alikiweka kikombe cha maji chini. "Mimi sijajibu mtu," akasema.

Walimpeleka zahanati. Daktari alikuwa mtoto, ndevu zake ungezihesabu. Aliuliza vizuri, sisemi hakuuliza. Unaona kizunguzungu? Ulikuwa umevaa nini miguuni? Unaamka usiku mara ngapi? Kisha akaandika: ameanguka.

"Andika nimeangushwa," Nyakerario akamwambia.

"Na nani, shosho?"

"Nilivutwa nyuma. Ule mkanda wa kikapu, mtu ameushika kutoka nyuma akauning'inia."

Yule mtoto akamwangalia Phelis, Phelis akaangalia viatu vyake. Kwenye karatasi pakabaki *ameanguka*.

Ratemo alikuja siku ya pili na fundi. Akaondoa zulia la sebuleni. Akaweka taa kwenye njia ya choo, na bomba la chuma ukutani la kushikilia, refu kutoka kitandani, likapita sebuleni, mpaka mlango wa mbele. Akamnunulia mama raba zenye meno. Sikumcheka. Hayo mambo yanasaidia, na kama una mzee kwako yafanye leo, usingoje jini. Tena akasema, "Mama, mara moja tu nyingine, na unaenda Bomet."

"Kwenye ghorofa?" Nyakerario akauliza. "Nipande ngazi kama kuku?"

"Chumba chako kiko tayari. Moureen ameshatandika."

Moureen ni mke wa Ratemo, msichana mzuri, ana mtoto wa mwaka mmoja. Nyakerario alilishika lile bomba la chuma na kulitikisa, kama mtu anayejaribu pingu.

Wiki tatu zikapita bila neno. Siku ya Jumanne nilikuwa natoka sokoni na sukari yangu, nikapita mlangoni kwake. Hapakuwa na mvua bado. Jua liliwaka hata mabati yalikuwa yanapasuka. Phelis alikuwa amebeba majani kwenda kituoni, kule chai inakopimwa. Nikabisha hodi.

"Niko sawa, Mama Kebaso," ikasema sauti ya Nyakerario kutoka ndani. "Nimejilaza kidogo. Nenda tu, tutaonana kesho."

Nikaenda. Nilitembea hatua kama kumi na tano kabla ya jambo moja kunigusa shingoni: alivyomaliza lile neno *kesho* alilivuta, *keshooo*, kama mtu anayeimba akiwa na pua iliyoziba. Nyakerario hakuwa mtu wa kuvuta maneno. Aliyakata kama anakata kabichi. Nikasimama barabarani na sukari yangu. Kisha nikajiambia ni usingizi, nikaenda nyumbani kupika, kwa sababu mimi ni mjinga kama wewe.

Phelis alimkuta jioni. Alikuwa katikati ya sebule, pasipo na zulia wala maji wala kitu cha kumkwaza hata nzi, amevaa viatu vyake vya meno, mkono mmoja umenyooka kuelekea lile chuma na umebakisha shibiri moja kulifikia. Alilala hapo kwa saa nne nzima. Alikuwa amejikojolea na alikuwa analia, na Nyakerario simjui kwa kulia.

Niliitwa, nikaja mbio kadiri ya magoti yangu. Tulimwosha, tukamlaza. Phelis akamfunika blanketi.

"Mama, mbona unafanya hivi? Nilipita hapa saa tisa kuchukua gunia la pili. Nikakuuliza kupitia dirishani. Ukaniambia kilo sifuri. Nikadhani unatania."

Nyakerario, aliyekuwa amefumba macho, aliyafumbua.

"Nilikwambia nini?"

"Kilo sifuri. Tena kwa kuvuta, *sifuriii*. Ni nini hiyo, ni wimbo?"

Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Nililiweka chini polepole. Nyakerario alinitazama, nikamtazama, na kati yetu pale juu ya blanketi palikaa mwaka 1986.

Itabidi nikueleze, kwa sababu siku hizi chai inachunwa na mashine na hakuna anayejua. Zamani mlimani tulichuna kwa safu, kila mtu na njia yake kati ya michai, kikapu mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Nyapara alitembea nyuma akipiga kelele. Mvua ikinyesha udongo ule mwekundu unakuwa kama mafuta, na hakuna siku mtu hakuteleza. Ukiteleza, wenzako walipiga ukelele mmoja: "Pima!" Yaani umeshuka kama gunia kwenye mzani. Na wewe uliyeanguka, ukiinuka, ulipaswa kujibu: "Kilo sifuri!" Yaani sikuumia, sina uzito, endeleeni. Watu wakacheka, safu ikasonga. Hakuna aliyetoka kwenye njia yake kumwinua mwingine. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu wenyewe, nyapara hakuitunga. Jibu likitoka, unaendelea. Jibu ndilo lilikuwa macho yetu, maana michai ilitufika kifuani na aliyeanguka haonekani.

Beldina alikuwa Mjaluo, mwembamba, mpya kwenye laini zetu, zile nyumba za wafanyakazi, hajamaliza mwaka. Alikuwa na namna yake ya kujibu. Aliivuta: "Kilo sifuriii," kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Tulimpenda kwa hiyo, na tulimwigiza. Nyakerario ndiye alikuwa fundi wa kuigiza. Angeweza kukuigizia nyapara mpaka nyapara mwenyewe ageuke.

Siku hiyo mvua ilitupiga tangu saa sita. Tulisikia mtu ameteleza upande wa mtaro. "Pima!" tukaita. Kimya. "Pima!" Safu ikasimama. Nyapara akaanza kutukana, anauliza nani amelala. Sote tulikuwa tumelowa mpaka mifupani na tulitaka kufika mwisho wa kipande tujikinge. Ndipo Nyakerario, bila kugeuza kichwa, akaivuta kwa sauti ya Beldina: "Kilo sifuriii!"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka. Tukasonga.

Tulimkosa kwenye kupima, saa kumi. Alikuwa kwenye mtaro, kifudifudi, kikapu kimejaa majani ya mvua kimemkalia mgongoni, mkanda umeshuka shingoni, na maji aliyofia hayakuzidi kiganja kimoja. Alikuwa amechimba udongo kwa vidole pande zote mbili. Alichimba muda mrefu.

Hatukumwambia mtu. Kwa nini tuseme? Nyapara alisema ni ajali, mwili ukapelekwa kwao ziwani, na ule ukelele wa "Pima" hapakutokea aliyeupiga tena. Hiyo ndiyo toba yetu yote: tulinyamaza tu.

Sasa unajua. Phelis naye alijua jioni hiyo, maana mama yake alimwambia yote akiwa amelala pale, kwa sauti kavu, bila kujitetea. Alipomaliza, Phelis alisema kitu ambacho mpaka leo kinaniuma kwa niaba yake.

"Kwa hiyo anajifunza sauti yako, kama wewe ulivyojifunza yake."

Alhamisi asubuhi Phelis alimwita Pasta Bosire. Nilikuwepo. Walikuja watu saba, kina mama wa maombi watano, pasta, na Kebaso mwanangu ambaye haamini kitu lakini anapenda chai ya bure. Ilikuwa saa tano mchana, madirisha wazi, kuku wanatembea nje. Pasta alikuwa na chupa ya mafuta ya upako. Aliyapaka milangoni, akayapaka lile chuma, akayamwaga sakafuni kwa msalaba mkubwa katikati ya sebule.

"Pasta," nikamwambia, "sakafu ya mgonjwa wa kuanguka unaimwagia mafuta?"

"Mama, hii ni kazi ya roho."

"Roho haina nyonga ya kuvunjika."

Akina mama wakaniangalia vibaya. Tukashikana mikono, tukafumba macho, pasta akaanza. Alikuwa na sauti, sitamnyima haki yake. Alikemea, aliamuru, alifunga kamba na kufungua kamba, sisi tukiitikia amina, na sauti yake ikapanda, ikapanda, mpaka nikahisi imepanda kweli, imetoka mahali mdomo wa mtu unapokuwa na sasa inatokea juu, karibu na mabati, bado inakemea, bado inasema ushindwe, ushindwe, lakini chini ya sauti hiyo kulikuwa na kitu kingine kidogo, kama mtu anayekuna simiti kwa kucha, na ule mnuko wa majani mabichi ukaingia puani mwangu ukashuka mpaka tumboni, na mkono wa pasta ambao nilikuwa nimeushika haukuwa tena mkononi mwangu wala sikujua umeniacha lini.

Nikafumbua macho.

Pasta Bosire alikuwa chini, kifudifudi juu ya mafuta yake, uso umekuwa wa zambarau, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki na hautoi kitu. Shati lake mgongoni lilikuwa limebonyea katikati, kitambaa chote kimelala kama kimekaliwa, na limelowa. Na juu yetu sauti yake iliendelea kuomba, nzito, nzuri, haina wasiwasi wowote.

"Niko sawa," ikasema. "Endeleeni kuombaaa."

Na akina mama, macho yamefumbwa, wakaitikia: "Amina!"

Nilipiga ukelele ambao sijapiga tangu nizae. Tulimvuta pasta kwa miguu mpaka nje, na hapo mlangoni, kama kamba imekatwa, akavuta pumzi. Alikaa kwenye nyasi akitapika maji. Maji mekundu, ya udongo. Kebaso alikuwa ameshafika barabarani. Chepkemoi, aliyekuja kuona kelele ni za nini, ndiye alilitaja lile jina akatema mate, kama nilivyokueleza, akasema, "Huyo haombewi. Huyo alikuwa na saa yake ya kuinuliwa, ikapita."

Nyakerario alikuwa ameona yote kutoka kwenye kiti chake. Hakuna aliyemgusa.

Ratemo alipiga simu jioni hiyo. Phelis alikuwa amemweleza, na Ratemo, ambaye ni mtu wa misumari, hakusikia habari ya pepo. Alisikia tu kwamba mama ameanguka mara mbili na pasta ameanguka mara moja na sakafu ile ni mbaya. Jumamosi angekuja na gari. Hakuna mjadala.

"Nipe hiyo simu," Nyakerario akamwambia Phelis. Akaiweka sikioni. "Ratemo, baba. Huyo mtoto wa Moureen, ameanza kutembea?"

Nilikuwa karibu, nikasikia mwana akicheka upande ule. "Ameanza, Mama. Hatua mbili, anaanguka. Hatua mbili, anaanguka. Kutwa ni kuanguka tu. Utamchoka."

"Na Moureen anakuwa wapi?"

"Si hapo jikoni. Anamsikia."

Nyakerario alirudisha simu kwa Phelis bila kuaga. Kisha akaniambia mimi, polepole, ili Phelis asisikie: "Umesikia? Anamsikia. Mtoto anaanguka mara mia kwa siku, na mama yake yuko jikoni, anamsikia."

Nilikuwa nimeshaiona ile picha, mtoto kifudifudi sakafuni na sauti yake ikicheka ili mama yake abaki jikoni, na nilitaka mtu aniondolee.

"Nikienda Bomet naenda naye," akasema. "Hanifuati nyumba, mwenzangu. Ananifuata mgongoni."

"Basi ukatae kwenda."

"Nimekataa lini Ratemo akasikia? Atanibeba. Na nikibaki, nikianguka tena mbele ya Phelis, Phelis ataniinua, na safari hii yule atamkalia Phelis kama alivyomkalia pasta. Hataki niinuliwe. Ndicho tu anachotaka. Nimefikiri juu yake miaka hii yote na naona si kitu kikubwa."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Sasa nifike Ijumaa, nimalize, kwa sababu nimeikalia hadithi hii kiasi cha kutosha na wewe umeacha kukunja midomo.

Kwanza nikuambie yaliyokuja baadaye, ili usikae hapo ukitumaini. Nyakerario amezikwa Kiptere, kando ya Ombui, pale michai inapoanzia. Hakwenda Bomet. Mtoto wa Moureen anakimbia sasa, anaanguka na kuinuka, na analia kwa sauti yake mwenyewe. Daktari mtoto aliandika tena lile neno lake. Phelis hakuniongelesha kwa miezi mitatu, kisha siku moja akaniletea mboga, akaziweka mlangoni, akaondoka. Hatujawahi kuzungumza juu ya Ijumaa. Ratemo aliuliza mara moja tu kama nilipita pale siku hiyo. Nilimwambia nilipita.

Nilipita saa nane. Mawingu yalikuwa yameshashuka na mvua ilikuwa imeanza, ile nzito inayofanya mabati yasikuruhusu kujisikia. Phelis alikuwa kituoni, hangerudi mpaka mvua ikate. Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Nikaingia.

Alikuwa chini. Si sebuleni, si jikoni. Chumbani kwake, kati ya kitanda na ukuta, mahali pembamba kama njia ya kati ya michai, amelala kifudifudi na uso ameugeuzia ukutani. Alikuwa amevaa ile aproni yake ya nailoni ya kuchunia, ya zamani, amejifunga kiunoni kama mtu anayeenda kazini. Nilijua hapo hapo kwamba alijiandaa. Hakuna anayevaa nailoni kuanguka kwa bahati mbaya.

"Nyakerario!"

"Usiniinue," akasema.

Nilipiga magoti, ambayo si jambo dogo. Nikamwekea mkono mgongoni. Palikuwa pamelowa na baridi, na pana uzito, ninakuapia, mkono wangu haukugusa nguo yake moja kwa moja, uligusa kitu kabla ya nguo, kitu cha fito zilizosukwa, na kikapanda na kushuka kwa pumzi yake, na mnuko ule ukatoka chini ya vidole vyangu kama nimefunua chungu, nikauvuta mkono nikaushika kwa mkono mwingine kama nimeungua.

"Acha nimwite Chepkemoi," nikasema. "Tutakuwa wawili."

"Hapana. Leo nimekuja mwenyewe mahali alipo. Nimemwambia nisamehe. Nimemwambia nitalala naye hapa mpaka aseme basi, na hakuna atakayejibu kwa niaba ya mtu. Nimechoka, mwenzangu. Yeye pia amechoka."

"Na Phelis?"

"Phelis umzuie asije. Mwambie nimelala."

"Nyakerario, nikitoka hapa—"

"Niko sawa," ikasema sauti. "Nenda tu."

Hapo ndipo nilipo mpaka leo. Mvua ilikuwa inapiga, chumba kilikuwa na giza, na uso wake ulikuwa ukutani. Mdomo sikuuona. Maneno yale ya kwanza yalikuwa yake, yamekatwa kama kabichi, hilo nitakufa nalo. Lakini hayo ya mwisho yalitokea wapi, chini pale alipokuwa, au juu kidogo ya hapo, sikuweza kujua, na lile *tu* lilivutwa au halikuvutwa, mvua ililimeza. Ningeweza kupanda juu ya kitanda na kuchungulia upande wa ukutani. Kitanda hakikuwa juu. Ningemwona mdomo. Ningejua ni nani aliyeniambia niende, na kama ni Nyakerario ningemheshimu, na kama si yeye ningemvuta kwa miguu mpaka nje kama tulivyomvuta pasta, hata kama magoti yangu yangevunjika yote mawili.

Hiyo ilikuwa kazi ya dakika moja.

Nilisimama nikishikilia lile chuma la Ratemo. Ni imara, fundi alifanya kazi nzuri. Nilikuwa na miaka sabini na sita, nililowa, na nilitaka kutoka. Nikasema, "Haya, basi," kama mtu anayeaga sokoni, kwa yeyote kati yao aliyekuwa ananisikiliza. Nikatembea sebuleni, nikapita mahali pasta alipolala, nikafika nje, mvua ikanipiga usoni, nikanyoosha mkono nyuma yangu bila kugeuka, nikaufunga mlango.